Entebbe: Mnyama Hasemi Kuwa Anaumwa

Mji wa Entebbe umekaa juu ya rasi iliyojitokeza ndani ya Ziwa Victoria, yapata kilomita 40 kutoka Kampala. Jina lake limetokana na neno la Kiganda lenye maana ya kiti, na wazee wa Buganda husimulia kwamba hapo zamani mkuu mmoja wa ukoo alikuwa akiketi juu ya mawe ya ufuko huo ili kuamua mashauri ya watu wake. Wageni walio wengi hawaujui mji huu zaidi ya kiwanja chake cha ndege. Hushuka, hukaguliwa, hupanda motokaa, wakaenda zao. Lakini yule ageuzaye njia kuelekea ziwani, akaipita bustani ya mimea iliyopandwa tangu mwaka 1898, hufika mahali ambapo harufu ya maji na majani mabichi huchanganyika na harufu nyingine nzito zaidi, na kabla hajaliona lango huwa amekwisha kumsikia simba.

Hiyo ndiyo bustani ya wanyama ya Entebbe. Ilianza mwaka 1952, wakati wa ukoloni, ikiwa mahali pa kulelea wanyama yatima na wale waliojeruhiwa porini. Baadaye iligeuzwa kuwa bustani ya maonyesho ya kawaida, yenye vizimba na chuma. Nchi ilipopita katika misukosuko ya miaka ya 1970, na vita vikaufikia mji wenyewe mwezi wa Aprili 1979, bustani nayo ilidhoofika pamoja na watu wake. Tangu mwaka 1994 ilianza kujengwa upya kwa shabaha nyingine: kuwafundisha wananchi, hasa watoto wa shule, habari za wanyama wa nchi yao, na kuwapokea wanyama waliookolewa kutoka katika mitego, masokoni na mipakani.

Mtoto wa shule ajapo hapa humtazama simba, humcheka sokwe, humshangaa korongo-nyangumi kwa mdomo wake mpana mfano wa kiatu cha mti. Ni nadra kumwona mtu aliyevaa mabuti ya mpira na koti la kijani, mwenye ndoo ndogo mkononi na daftari kwapani, apitaye nyuma ya vizimba mapema asubuhi. Huyo ndiye msaidizi wa tabibu wa wanyama. Tabibu mwenyewe ndiye atajaye jina la ugonjwa, ndiye aamuruye dawa, ndiye ashikaye kisu. Msaidizi hana idhini ya hayo. Hata hivyo watunzaji wote humwita "musawo", neno ambalo kwa Kiganda hutumika kwa kila atibuye, awe daktari mkubwa au mfunga vidonda, na wala hawatanii. Wao wanajua kwamba tabibu huitwa mtu anapokuwa amekwisha kuona kwamba kuna jambo. Na kuona huko ndiko kazi yenyewe.

Kwa maana mnyama wa porini hasemi kuwa anaumwa. Si hilo tu, bali hulificha. Ng'ombe wa zizini akiwa na homa huinamisha kichwa, hutoa machozi, huacha malisho, na mwenyewe akajua. Swala akifanya hivyo porini, ameliwa. Kwa hiyo viumbe hawa wamerithi tabia ya kujikaza mpaka nguvu ya mwisho, na siku wanapoonekana wagonjwa waziwazi aghalabu dawa imekwisha kuchelewa. Ndege ndio mabingwa wa ujanja huo. Kasuku aliye mgonjwa sana atajinyoosha na kung'arisha jicho mara tu amwonapo mtu, na mtu huyo akiondoka atajikunyata tena na kuyatutumua manyoya yake kama aliyelala kwenye baridi. Msaidizi aliyezoea humtazama kwa mbali kwanza, akiwa nyuma ya mti, kabla ya kujionyesha. Huangalia mkia: ukiinuka na kushuka kwa kila pumzi, kifua kina taabu.

Basi mzunguko wa asubuhi huanza mapema, kabla ya wageni. Msaidizi hupita pamoja na mtunzaji wa kila sehemu, na maswali yake ni yale ambayo mama wa nyumbani humwuliza mtoto aliyerudi shule. Umekula? Umelala vipi? Choo kilikuwaje? "Ssebo, yule jike mkubwa hakushuka leo kutoka juu ya mti," mtunzaji humwambia, na neno hilo moja huandikwa. Huenda si kitu. Simba, mathalani, huwa na siku yake ya kutokula, kama ilivyo porini ambako hapati nyama kila siku. Kwa hiyo simba aliyeacha nyama mara moja hashtui mtu. Lakini simba aliyeacha nyama na tena anageuza kichwa upande mmoja kila anapotafuna, huyo ana jino. Tofauti ya hayo mawili haimo vitabuni. Hupatikana kwa kumtazama simba yule yule kwa miaka.

Ndani ya ndoo yake msaidizi hukusanya kitu ambacho wengine hukikwepa: kinyesi. Kila kizimba na kifuko chake, kila kifuko na jina. Kazi hii imewavunja moyo vijana wengi waliokuja wakidhani watakuwa wakiwapapasa chui. Katika chumba kidogo cha uchunguzi, kinyesi huvurugwa ndani ya maji yaliyokolezwa chumvi mpaka haiyeyuki tena, huchujwa, kisha hutiwa katika kijichupa chembamba mpaka ukingoni, na juu yake huwekwa kipande chepesi cha kioo. Mayai ya minyoo ni mepesi kuliko maji hayo ya chumvi. Kwa muda wa robo saa hivi huelea na kunata kwenye kioo. Kioo huinuliwa, huwekwa chini ya hadubini, na kuhesabiwa huanza. Mayai machache si hoja, kwa kuwa hakuna mnyama asiye na minyoo kabisa. Mayai yakizidi wiki hadi wiki, ni dalili ama kwamba udongo wa kizimba umechoka, ama kwamba mnyama amepungukiwa nguvu kwa sababu nyingine iliyojificha. Hivyo ndoo ya kinyesi husema yale ambayo mnyama mwenyewe amekataa kuyasema.

Si ajabu kwamba kazi ya namna hii ina mizizi katika sehemu hizi. Kando ya barabara ya Kampala, si mbali na Entebbe, upo msitu mdogo uitwao Zika. Mwaka 1947 wataalamu waliokuwa wakichunguza homa ya manjano waliweka kima ndani ya vizimba juu ya majukwaa msituni humo, wakawa wanawapima joto na damu. Kima mmoja alipata homa, na katika damu yake kikaonekana kirusi ambacho hakikuwa kimejulikana duniani. Kikapewa jina la msitu. Zaidi ya nusu karne baadaye dunia nzima ililisikia jina hilo, ugonjwa ulipoenea Brazil na nchi nyingine za Amerika mwaka 2015 na 2016. Mtu aliyeshika kipimajoto asubuhi ile hakuwa na namna ya kujua ameshika nini.

Katika bustani hii hatari ya maradhi huenda pande zote mbili za ua, na wageni huielewa nusu tu. Wao huogopa kuambukizwa na mnyama. Msaidizi huogopa zaidi mgeni mwenye kikohozi aliyesimama mbele ya sokwe. Sokwe na binadamu wana ukaribu wa damu wa takriban asilimia 98, na maradhi ya kifua hayajali hizo mbili zilizobaki. Mwaka 2013, kundi la sokwe wa Kanyawara, katika msitu wa Kibale magharibi ya Uganda, liliingiwa na mafua. Kati ya sokwe 56 wakafa 5. Uchunguzi ulionyesha kuwa kilichowaua ni kirusi cha mafua ya binadamu, cha aina ile ambayo mtoto wa nyumbani huugua, akapanguswa pua, akarudi kucheza. Na huko Bwindi, mwaka 1996, masokwe wakubwa wa milimani walipatwa na upele, na mtoto wao mmoja akafa. Dkt. Gladys Kalema-Zikusoka, tabibu wa kwanza wa wanyama pori nchini Uganda, aliyewatibu, alionelea kwamba upele ule ulikuwa umetoka kwa watu, pengine katika nguo zilizotundikwa mashambani kando ya msitu. Kwa sababu hiyo, mtunzaji wa sokwe wa Entebbe akiamka na mafua haruhusiwi kuingia kazini upande ule, hata kama anasema ni vumbi tu. Msaidizi ndiye humrudisha, na mara nyingi hurudisha mtu aliye mkubwa kwake kwa umri. Hapo hutakiwa ulimi wa adabu.

Mwezi wa Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga nchi, lango la bustani lilifungwa pia, na baadhi ya wafanyakazi walihamia humo humo, wakaacha nyumba zao ili wasiwaletee wanyama maradhi kutoka mjini wala wanyama wasikose chakula.

Watoto wa sokwe ndio mzigo mkubwa wa moyo katika kazi hii. Hakuna mtoto wa sokwe afikaye Entebbe kwa heri. Mama yake hamwachii. Kumkamata mtoto ni kumwua mama, na mara nyingi na wengine waliokuja kumtetea. Huyo mdogo hukutwa ndani ya gunia mpakani, au amefungwa kamba nyuma ya duka, akinyweshwa soda. Hufika akiwa na njaa, kuhara, kikohozi, majeraha ya kamba kiunoni, na macho ambayo hayamfuati mtu. Kwanza huwekwa karantini, mbali na wenzake, kwa muda usiopungua siku 90. Hupimwa kifua kikuu kwa tone la dawa lililodungwa katika ngozi ya kope ya jicho. Mahali hapo pamechaguliwa kwa akili: siku tatu zinazofuata kope hutazamwa kama imevimba, bila kumshika tena mnyama na kumwogofya upya.

Malezi yake hayapishani sana na ya nyumbani. Hunywa maziwa ya kopo yale yale wanywayo watoto wachanga wa binadamu, kwa chupa iliyochemshwa, na maziwa hupimwa kwa kijiko wala si kwa macho, kwa kuwa yakiwa mazito tumbo huvimba na yakiwa mepesi mtoto hakui. Hupakatwa wima anyweapo. Akilazwa chali maziwa huweza kuingia mapafuni, na wengi wamepotea kwa kosa hilo la mtu mwenye huruma. Hupimwa uzito kila siku kwa mizani ile ile na saa ile ile. Lakini mizani haipimi kila kitu. Mtoto wa sokwe porini hukaa mwilini mwa mama yake mchana na usiku kwa miezi mingi ya mwanzo. Akiwekwa peke yake katika sanduku lenye joto, na maziwa ya kutosha, huweza kukonda vivi hivi hata akafa. Kwa hiyo hupewa mlezi wa kushikamana naye, na mlezi huyo hufua, huandika na husinzia akiwa na mtoto kifuani.

Na hapa pana neno gumu. Mlezi humpa mtoto upendo ili aishi. Upendo huo huo, ukizidi, humharibia maisha. Sokwe aliyejiona binadamu hajui kusalimu wakubwa wa kundi lake, hajui kuomba radhi kwa kunyoosha mkono, hajui woga. Basi mara tu anapopata nguvu hana budi kupelekwa kwa sokwe wengine, hatua kwa hatua, nyuma ya waya kwanza, na mlezi hana budi kurudi nyuma. Wasaidizi wenye uzoefu huwapangia walezi zamu kwa makusudi, asipate mmoja kuwa mama peke yake.

Kumrudisha msituni ni jambo ambalo mgeni hudhani ndilo la haki na rahisi. Sokwe wa porini hulinda eneo lao kwa ukali, na mgeni, hasa dume, huuawa. Tena aliyekulia kwa watu huweza kuingia kijijini bila hofu, au kupeleka msituni maradhi aliyoyapata utumwani. Hivyo wengi wao hawana tena pa kurudi. Kwa ajili yao, mwaka 1998, kilifunguliwa kisiwa cha Ngamba, yapata kilomita 23 kutoka Entebbe kwa njia ya maji, ambacho kina msitu wa ekari 100 hivi. Walianza sokwe 19. Msitu huo hauwatoshi kwa chakula, hivyo hulishwa kila siku. Na kwa kuwa hauwezi kupanuka, majike hutiwa chini ya ngozi ya mkono kijiti chembamba cha dawa ya kuzuia mimba, kilicho sawa na kile wanachowekewa kina mama katika zahanati za uzazi. Kukipachika na kukumbuka tarehe ya kukibadili ni kazi ya uuguzi kamili.

Siku ya kumtia mnyama nusukaputi ndiyo siku ambayo msaidizi huchuma jina lake au hulipoteza. Matayarisho huanza jana yake, kwa kumnyima mgonjwa chakula, asije akatapika usingizini na kujipalia. Usiku huo huo vifaa vyote hupangwa juu ya meza: mirija ya kupumulia, vipimajoto, ndoo za maji, mashine ya kukoboa meno au kushona kidonda, na dawa ya kuamsha iliyokwisha kuvutwa ndani ya bomba lake kabla ya ile ya kulaza kuguswa. Utaratibu huo haupinduliwi.

Sababu yake ni dawa iitwayo etofini, inayotumiwa kuwalaza wanyama wazito kama faru na tembo. Iliingia katika kazi za porini huko Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1960, na nguvu yake ni zaidi ya mara elfu ya mofini. Miligramu chache humlaza faru wa tani mbili. Tone moja katika jicho la mtu, au mkwaruzo wa sindano kidoleni, laweza kumwua mtu huyo asipopewa haraka dawa ya kuipinga. Hivyo wajazao mshale hawakai peke yao hata siku moja. Mmoja hujaza, akiwa amevaa glovu na miwani; wa pili husimama na dawa ya kuokoa mkononi, haongei na mtu mwingine, hajibu simu. Huyo wa pili aghalabu ni msaidizi. Dawa yenyewe hukaa katika kabati la chuma, na kila tone huandikwa daftarini.

Entebbe iliwapokea faru wawili weupe mwezi wa Desemba 2001, dume na jike, waliotoka shamba la Solio nchini Kenya. Watoto wa shule walikuwa hawajamwona faru katika nchi yao wenyewe, kwa kuwa ujangili ulikuwa umewamaliza wote mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kumtunza faru si kazi ya kubahatisha. Anapolazwa, uzito wake wenyewe humkandamiza mapafu na misuli. Akiachwa upande mmoja kwa muda mrefu, huamka akiwa hawezi kusimama. Msaidizi hushika saa. Mtu mmoja huhesabu pumzi kwa sauti, mwingine humwagia maji joto linapopanda, macho hufungwa kwa kitambaa na masikio huzibwa, asishtuliwe na kelele. Midomo ikianza kugeuka rangi ya samawati, tabibu huambiwa mara moja, hata kama yumo katikati ya kushona. Mwisho, dawa ya kuamsha hudungwa katika mshipa wa sikio, na kila mtu hujua njia yake ya kukimbilia, maana faru huinuka kwa dakika moja au mbili, na huinuka mzima.

Simba ni kinyume chake. Dawa za kumlaza huwa ni mbili zilizochanganywa, na moja tu kati yake ndiyo yenye kupingwa. Ile nyingine lazima iachwe iishe yenyewe. Hulala macho wazi, hivyo hupakwa mafuta ya macho yasikauke. Dalili ya kwanza ya kuamka si mguu wala mkia, ni sikio. Likicheza linapoguswa, mazungumzo hukoma na vifaa hukusanywa.

Kwa sokwe, taabu haiko katika dawa. Sokwe anaijua kazi hii kuliko wanavyodhani wasomi. Anautambua mrija wa kupulizia mshale hata ukifichwa ndani ya mkono wa shati. Anaitambua motokaa ya tabibu, na kiatu chake. Amwonapo hupiga kelele, wenzake wote wakaitikia, na mawe na kinyesi vikaanza kuruka. Wapo ambao huung'oa mshale pajani na kuurusha kwa aliyeupuliza. Na kwa kuwa sokwe hasahau, msaidizi aliyemlea tangu chupa ya maziwa hukabiliwa na swali kila mara: ajifiche nyuma ya ukuta, ili kesho aaminiwe tena, au asimame mbele kwa kuwa mgonjwa hutulia akimwona? Hapana kanuni moja. Katika mabustani mengi siku hizi sokwe hufundishwa kwa ndizi na subira kutoa mkono au paja penye waya ili adungwe kwa hiari yake, na mafundisho hayo huchukua miezi kwa ajili ya tendo la nusu dakika. Ni miezi iliyotumika vizuri.

Baada ya kuamka, sokwe harudishwi kwa wenzake siku hiyo, hata akililia. Anayeyumba kundini hupigwa.

Mnyama akifa ghafla usiku, mtu asiyejua angetaka apasuliwe upesi ili sababu ionekane. Msaidizi hatangulii na kisu. Kwanza huchukua tone la damu kutoka sikioni, hulipaka juu ya kioo, hulitia rangi ya bluu, hulitazama. Akiona vijiti vyenye ncha za mraba, vimepangana kama mabehewa ya garimoshi na kuzungukwa na utando, mzoga ule haufunguliwi hata kidogo, ni kimeta. Vijidudu vyake vikipata hewa hujigeuza kuwa mbegu ngumu zinazokaa ardhini miaka na miaka. Uganda inaujua ugonjwa huo vizuri: mwaka 2004 uliua viboko wengi katika hifadhi ya Queen Elizabeth, na wanavijiji wa kando wanaookota nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe ndio hupata vidonda vyeusi mikononi. Damu ikiwa safi, upasuaji hufanywa, kila kiungo hupimwa na kukatwa kipande, na ripoti huandikwa hata kama mnyama alikufa kwa uzee.

Kwa uzee alikuwepo Zakayo, sokwe dume aliyejulikana na kila mtoto wa Kampala na Entebbe. Alikufa mwezi wa Aprili 2018, akiwa na umri wa miaka 54, ambao ni umri mkubwa mno kwa sokwe dume. Kumtunza mzee wa namna hiyo ni kazi ya aina yake: chakula laini kwa sababu ya meno, dawa zilizofichwa ndani ya uji, tumbo la kuangaliwa kila siku, na kuwatazama vijana wa kundi wasimsukume penye chakula. Wageni walikuja kumsherehekea siku za kuzaliwa kwake. Waliomwandalia uji hawakupigwa picha.

Waendao kusomea kazi hii hupitia vyuo vya mifugo, ambako hujifunza ng'ombe, mbuzi, kuku na nguruwe. Kakakuona hafundishwi darasani. Huyo hujifunzwa papo hapo, usiku, aletwapo na askari wa wanyama pori akiwa amejikunja kama mpira ndani ya kapu, amekaukiwa maji, hataki kula ila sisimizi na mchwa wa aina anazozijua mwenyewe. Wengi wa hao hufa licha ya jitihada, na wanaopona huachiliwa gizani, mahali pasipotajwa.

Jioni wageni wanapotoka, upepo wa ziwa huanza kuvuma na visubi huinuka juu ya maji kama moshi. Msaidizi hukanyaga beseni la dawa mlangoni mwa karantini, hubadili mabuti, huingia kwa mara ya mwisho. Huhesabu chupa za etofini katika kabati, hutia saini, hufunga. Kisha huandika habari za mtoto aliyefika karibuni: siku ya ngapi, uzito gani, amekula au hakula, anakohoa au hakohoi. Daftari hukabidhiwa kwa mlezi wa zamu ya usiku, ambaye amekwisha kujifunga shuka, na mtoto wa sokwe amemkamata shati kwa mikono yote miwili.